Jirani Anayependa Majani Yetu

Jirani yetu Fachtna Cotter alipokuja kutualika tujiunge na kikundi cha wakulima, mume wangu Malachy alimsikiliza kwa adabu zote, akamwongezea chai, akamsindikiza mpaka getini, kisha akarudi jikoni, akafunga mlango na kusema:

"Anataka Inse."

"Amekualika mkutanoni, Malachy."

"Ndivyo wanavyoanza."

Inse ni konde letu la kando ya mto. Ni tambarare, lina udongo mweusi, na ndilo konde pekee kwetu ambalo trekta hupita bila dereva kumwomba Mungu. Babu yake Fachtna aliwahi kutaka kulinunua, babu yake Malachy akakataa, na tangu siku hiyo kwetu akina Lehane hakuna Cotter aliyekohoa kanisani ila anaitaka Inse. Wazee wale wawili wamelazwa makaburini ubavu kwa ubavu, na sina shaka Malachy anaamini kwamba hata huko chini babu Cotter anajisogeza kidogo kidogo.

Mimi nilikuwa na langu moja tu moyoni: ng'ombe wetu wasiuzwe. Chakula cha kununua kilikuwa kinatumaliza, majani yetu yalikwisha kabla ya msimu kwisha, na tulikuwa tumeshakubaliana kwa maneno machache kwamba mambo yakiendelea hivyo tutauza ng'ombe wote, Malachy aombe kazi ya kuendesha lori la maziwa la ushirika. Malachy bila ng'ombe! Mtu aliyechelewa kwenye harusi yake mwenyewe kwa sababu ya ndama. Nilijua angekufa huku bado anatembea.

"Utakwenda," nilimwambia. "Ukitaka nenda umenuna, lakini utakwenda."

Akaenda amenuna.

Kikundi chenyewe hukutana shambani kwa mwanachama mmoja, zamu kwa zamu. Watu huvaa mabuti, hutembea konde kwa konde, mvua inyeshe isinyeshe, na mwisho kila mmoja lazima amwambie mwenyeji jambo moja zuri aliloliona na jambo moja ambalo yeye angelibadilisha. Kisha chai. Anayewaongoza ni bibi shamba wetu, Muireann, binti mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Nami nilikuwa nikienda, maana nisingekwenda nisingejua lolote. Siku ya kwanza nilipobaki nyumbani, Malachy alirudi na habari moja tu, kwamba huko kulikuwa na upepo.

Somo la kwanza lilikuwa udongo. Muireann aligawa mifuko midogo, akasema kila mtu achukue udongo wa makonde yake ukapimwe, tujue unadai chokaa au mbolea ya namna gani, badala ya kumwaga mbolea kwa kubahatisha na nusu yake kuishia mtoni. Wenzetu walijaza mifuko yao haraka. Malachy aliuweka wa kwake juu ya kabati, akawa anautazama kwa jicho la pembeni.

"Ukishamwonyesha mtu udongo wako," alisema, "umemwonyesha kila kitu."

Mwishowe akaujaza, akauandika "konde la juu", na kuukabidhi. Sikuuliza aliuchimba wapi mpaka Muireann alipokuja mwenyewe, amefuatana na Fachtna, uso umejaa mshangao.

"Bwana Malachy, sijawahi kuona udongo kama wako. Konde lako la juu halihitaji chokaa, halihitaji mbolea, halihitaji kitu chochote. Unaufanyia nini?"

"Tunautunza tu," alijibu Malachy.

Fachtna aligeuka akalitazama konde la juu kupitia dirishani, jinsi lilivyojaa nyasi ngumu za majimaji ambazo hata mbuzi mwenye njaa angezikataa. "Ajabu," akasema.

Walipoondoka, Malachy alinishika mkono. "Umemsikia? Ajabu! Ajabu nini? Anapiga hesabu huyo."

"Ajabu ni kwamba umewapelekea udongo wa bustani ya waridi ya marehemu mama yako," nilimwambia, kwa sababu nilikuwa nimeshaliona shimo. Mama mkwe wangu alilisha waridi zake majivu, samadi na makapi ya chai maisha yake yote. Ungeweza kuotesha kiatu pale.

Malachy hakuona haya hata kidogo. "Sasa hawajui chochote," alisema.

Nilichukua mfuko mwingine, nikapanda mpaka konde la juu mwenyewe, nikaujaza, nikampelekea Muireann. Udongo ulikuwa na asidi ya kutisha. Chokaa ikaja, ikamwagwa, Malachy akiwa amesimama getini amekunja mikono kama mtu anayetazama nyumba yake ikipigwa mnada. Majira ya kuchipua yaliyofuata, konde la juu lilikuwa na kijani ambacho sikuwahi kukiona tangu niolewe. Malachy alisema ni hali ya hewa.

Fachtna naye hakuchoka. Alivuka ukuta wa mpaka na gombo la waya wa umeme begani, akamwonyesha Malachy jinsi ya kugawa makonde vipande vidogo, ng'ombe wale kipande kimoja wahame, kingine kipumzike. Alichuchumaa kwenye matope, akang'oa shina moja la nyasi.

"Usitazame urefu, bwana. Hesabu majani. Shina hubeba majani matatu. La tatu likikamilika, ingiza ng'ombe. Ukingoja la nne, la kwanza linaoza, na hapo umelisha minyoo."

Alimfundisha pia kuchanganya mbegu za klova, majani ya jamii ya kunde, kwenye nyasi, kwa kuwa klova hujitengenezea mbolea yenyewe kutoka hewani. Malachy si mjinga. Aliyashika yote upesi, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Ila kila somo alikuwa anamtazama mwalimu, hatazami nyasi.

"Kwa nini ananifundisha?" aliniuliza kila mara.

"Labda anakupenda."

"Cotter?"

Maziwa yakapanda. Magunia ya chakula cha kununua yakapungua mpaka panya wa ghalani wakahama. Nilianza kulala vizuri. Lakini Muireann hakutuficha: kwa ukubwa wa shamba letu tulikuwa tumefika mwisho wa njia. "Mkipata ardhi kidogo tu ya kukodi," alituambia, "inayogusana na hii, ng'ombe waiendee kwa miguu yao na kurudi kukamuliwa, hamtauza hata mmoja. Bila hiyo, sijui." Na ardhi inayogusana na yetu ni ya Fachtna peke yake, upande mmoja mto, upande mwingine mlima.

Njiani kurudi kutoka mkutanoni Malachy alisema, "Unaona mtego? Wanataka tujitanue mpaka tuanguke, kisha yeye aokote."

Basi ikafika zamu yetu ya kupokea kikundi. Watu wa kwetu wakijua majirani wanakuja kutembea shambani, hufanya usafi ambao hata askofu hafanyiwi. Malachy alipiga chokaa kuta, akapaka rangi mageti, akafagia njia ambayo haijawahi kuona ufagio. Hayo sikuyakataa. Ila aliwatoa ng'ombe waliokonda, ambao walikuwa wametoka kuzaa na bado hawajarudisha mwili, akawaficha kwenye machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya vichaka vya miiba. Huko hakuna jani. Na Inse, konde lake la roho, alikuwa ameifunga kwa majuma mengi, asiingize hata ndama, majani yakafika magotini.

"Malachy," nilimwambia, "majani matatu. Umefundishwa majani matatu."

"Hayo ni ya mazungumzo. Mtu akifika Inse akaona majani yanamfika magotini, atajua amefika kwa nani."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo, akasema ninaanza kuongea kama Cotter.

Walikuja wengi, mvua nyembamba ikinyesha. Alikuwepo hata Dónal Twohig wa kule bondeni, mwenye ng'ombe wengi mpaka hawatambui kwa sura, ambaye mahali popote penye ardhi ya kukodi utalikuta gari lake limeegeshwa. Konde la juu walilisifu kwa dhati. Vipande vya malisho walivisifu. Nilimwona Malachy mabega yakimshuka kidogo, nikafurahi, nikajisemea labda leo yatapita salama.

Kisha akawapeleka Inse, akafungua geti, akasimama kando kama bwana harusi.

Mkulima wa huku kwetu Cork akinyamaza mbele ya majani yako, afadhali angekutukana. Muireann alipiga magoti, akayatenga majani kwa mikono. Chini yalikuwa ya manjano, mengine yameoza, yananuka.

"Kuna... mengi," alisema mmoja.

"Geti zuri," akasema mwingine, na wote wakashika hapo hapo. Geti zuri kweli. Rangi nzuri. Bawaba haipigi kelele. Ikafika zamu ya kusema lipi wangelibadilisha, watu wakaanza kutazama mabuti yao.

"Mimi ningewaingiza ng'ombe humu zamani," Fachtna alisema taratibu. "Ndilo tu. Konde lenyewe ni zuri mno, Malachy. Ndiyo maana inauma."

Na hapo ndipo wale wa machimboni, ambao tangu alfajiri walikuwa wakisikia harufu ya majani kwa tumbo tupu, walipovunja waya. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Waliteremka kilima mbavu nje, wakapita katikati ya wageni, Twohig akaruka juu ya ukuta kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania, wakaingia Inse na kuzamisha vichwa.

"Wameunga mkono hoja," mtu mmoja akasema nyuma, na kikundi kizima kikaangua kicheko.

Hakikuwa kicheko kibaya. Kila mmoja pale amewahi kuficha ng'ombe. Lakini Malachy alikuwa amegeuka rangi, na katika watu wote wale alimwona mmoja tu.

"Umefurahi sasa?" alimfokea Fachtna. "Tangu uje kwangu unaipima Inse kwa macho! Babu yako aliitaka, baba yako aliitaka, na wewe umeniletea kijiji kizima wakusaidie kuipima!"

Kicheko kilikatika. Fachtna alivua kofia yake, akaikung'uta maji, akaivaa tena. Alipotembea kurudi nyumbani kwetu nilitambua kwa mara ya kwanza kwamba anachechemea.

Niliwahi jikoni kukata mikate ya nyama ya nguruwe ambayo sasa sikujua nani angeila. Fachtna alinifuata, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia na matope.

"Assumpta, dada yangu, nilitaka kuwaambia leo, baada ya chai. Sasa itabidi nikuambie wewe."

"Msamehe, Fachtna. Unamjua."

"Namjua. Na baba yangu kweli aliitaka Inse, tusidanganyane." Alitabasamu kidogo. "Mimi namaliza, dada. Nyonga zimekufa, na daktari ananiambia moyo nao unafuata. Mwanangu Eoghan amenunua nyumba Perth, Australia, harudi. Nataka kukodisha shamba, mkataba mrefu, kwa mtu atakayeitunza ardhi ile nikiwa bado naitazama dirishani. Ndiyo maana nilimleta kikundini. Nilitaka nione kama atajifunza. Amejifunza kuliko sisi sote, akiacha upuuzi."

Kisu kilinitoka mkononi. Ardhi yote ile, ng'ambo ya ukuta, ng'ombe wetu waende kwa miguu yao!

"Twohig ananisumbua kila juma," aliendelea. "Sitaki kumpa. Mwambie Malachy avuke ukuta, aje tukae kama watu. Sihitaji aniombe radhi. Aje tu."

Jioni ile wakati wa kukamua nilimweleza Malachy yote, neno kwa neno, nikipiga kelele kushinda mashine. Nilikuwa nalia na kucheka. Alimaliza kumfuta ng'ombe kiwele, akanyooka.

"Na anataka nini?"

"Anataka ukodi shamba lake, Malachy!"

"Hapana. Hicho ndicho anachosema. Mimi nauliza anataka nini."

Nilimsihi. Nilimtishia. Nilimwekea viatu vyake safi mlangoni. Alisema atakwenda, mbona haraka hivyo, mtu hawezi kuingia mkataba gizani. Kwanza akaenda dukani kwa ushirika, akamdadisi muuza mbolea kama ni kweli nyonga za Fachtna ni mbovu au ni za kuigiza. Jumapili baada ya misa akambana mwanamke wa mapokezi kwa daktari, akimuuliza habari za mioyo kwa ujumla, mioyo ya wanaume wa umri fulani, wanaoishi upande fulani wa mto. Mwanamke yule ni mwerevu, alimuuliza kama anataka kupimwa.

Na hakuishia hapo. Malachy ana binamu yake Perth, anayepaka rangi majumba. Alimpigia simu, akamwomba apite mtaani kwa Eoghan Cotter akaone kama nyumba ipo, na kama inaonekana nyumba ya mtu anayekusudia kukaa. Binamu akapita. Binamu, kwa kuwa ni Lehane, alisimama nje ya uzio akitazama mpaka Eoghan mwenyewe akatoka kumuuliza anatafuta nani. Wakatambuana, wakanywa bia, na binamu akaeleza kila kitu huku akicheka. Eoghan hakucheka. Alimpigia baba yake.

Nilikutana na Fachtna kwenye ngazi za ushirika. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alionekana amechoka tu.

"Amenitumia mtu mpaka Australia, Assumpta."

"Naona aibu, Fachtna. Haki ya Mungu sijui niseme nini."

"Angeniuliza mimi. Ni kuvuka ukuta." Alishika chuma cha ngazi, akashuka hatua moja kwa taabu. "Nilidhani chuki ni ya wazee, nikasema nitaizika mimi. Lakini siwezi kuzeeka dirishani nikimtazama mtu anayenitazama hivyo."

"Ngoja kidogo. Nitamleta mimi. Nitamfunga kamba."

"Usimfunge, dada. Akija kwa kamba hajaja." Akanigusa bega, akaenda zake.

Nilikimbia nyumbani, nikamwambia Malachy aende sasa hivi, na mabuti hayo hayo. Akasema binamu ameahidi kutuma picha za nyumba, afadhali azione kwanza.

Picha zilifika. Ilikuwa nyumba nzuri yenye baraza na baiskeli ya mtoto mlangoni. Malachy alizikuza kwenye simu, akazichunguza kona zote, akakubali kwamba ndiyo, labda, inaelekea yule kijana harudi. Akanyoa ndevu. Akavaa shati. Nilimwona akitoka mlangoni, nikashika meza kwa furaha.

Hakufika mbali. Sauti ya mashine ya kupigilia nguzo ilikuwa inasikika kutoka ng'ambo. Nilitoka nikamkuta amesimama kwenye ukuta wa mpaka. Upande wa pili watu wa Twohig walikuwa wanasimamisha uzio mpya, safu ndefu ya nguzo nyeupe tangu barabarani mpaka mtoni, na gari la Twohig mwenyewe limeegeshwa uani kwa Fachtna. Ng'ombe wetu walikuwa nyuma yetu, wamepanga vichwa juu ya ukuta, wanatazama majani yale. Niliwatazama mmoja mmoja. Nilikuwa najua ni nani tutamuuza kwanza.

Malachy aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, tuseme umeridhika, kama mtu aliyetua mzigo.

"Unaona?" alisema. "Nilikuambia. Tangu mwanzo alikuwa anampangia Twohig. Nilikuambia yule mtu si wa kuaminiwa."

Nilimpenda mtu huyu nusu ya maisha yangu, na saa ile nilitamani kumsukuma ndani ya mto.

"Fachtna hakumpa Twohig shamba lile, Malachy," nilisema. "Umempa wewe."

Alinitazama. Akanitazama kwa muda mrefu, macho yakifinyika taratibu, jinsi alivyokuwa akimtazama Fachtna zile siku za masomo ya nyasi.

"Nani," akaniuliza, "kakutia maneno hayo?"